Magari Yalalayo Mokowe

Mtu wa Amu, kisiwani Lamu, akikwambia ana gari, usimuulize liko wapi. Liko Mokowe, ng'ambo ya maji, kwa Bwanamkuu. Mjini Amu gari litapita wapi? Vichochoro vyenyewe punda wawili wakikutana, mmoja lazima ampishe mwenzake. Basi mwenye gari hulifikisha Mokowe pale lami inapoishia gatini, humkabidhi Bwanamkuu ufunguo, hupanda boti, akenda zake nyumbani. Kuna watu wana magari ya fahari na majirani zao hawajawahi kuyatia machoni.

Bwanamkuu mwenyewe ni mzaliwa wa mtaa wa Langoni, Amu, mwembamba, kofia yake haitoki kichwani, na mdomo wake haujui likizo. Kazi hii aliipata kwa bahati. Alikuwa mchukuzi wa mizigo pale gatini, akaombwa na mwalimu mmoja amtupie gari lake jicho mpaka alasiri. Mwalimu akakamatwa na harusi huko Shela, asirudi siku hiyo wala ya pili. Aliporudi, roho mkononi, alimkuta Bwanamkuu ameketi palepale kando ya gurudumu, na gari amelifunika shuka yake mwenyewe lisiungue na jua. Habari ikaenea. Wenye magari wakaanza kumjia mmoja mmoja, na ukoo wa mkewe ukampa uwanja wao ulio karibu na gati ili aweke ua na kibanda.

Leseni hana. Hilo nalisema mapema, asije mtu akadai nimemficha. Gari hulisogeza ndani ya uwanja tu, kwa gia ya kwanza na ya kurudi nyuma. Gia ya pili huisikia kwa watu. Lakini kwa ulezi, wallahi, hana mfano. Asubuhi huyaweka magari upande huu wa miarubaini, adhuhuri ikipita huyahamishia upande wa pili kukifuata kivuli. Huyaosha chumvi ya bahari kwa maji matamu. Gari ambalo mwenyewe amekawia huliwasha likaunguruma kidogo, betri isife. Wako wanaoapa kwamba wamemsikia akilibembeleza gari la mtu aliyekwenda Kiwayu akapotelea huko: "Yuaja, yuaja, tulia." Yeye hukana. Mimi nawasadiki walioapa.

Nyumbani ana mke, Bi Kulthum, na mtoto mmoja tu, binti, Rumaisa. Huyu Rumaisa tangu mdogo alikuwa akifungua redio za watu na, ajabu, akizifunga tena zikasema. Akasomea umeme Mombasa, akafaulu, akaajiriwa Mtwapa na kampuni ya kufunga mitambo ya sola. Sifa zake zilijaa Langoni nzima. Ila nyumba ilipwaya. Chakula cha watu wawili hakina shangwe, na Bwanamkuu, ambaye gatini humwezi kwa maneno, nyumbani alikuwa anakula kimya, akinawa, akenda kulala. Kila Idi binti alikuja, na kila baada ya Idi aliondoka, na baba mtu alishinda siku nzima akilifuta vumbi gari moja hilo hilo. Walipomuuliza Rumaisa lini atarudi kabisa, jibu lake lilikuwa lile lile: atarudi siku Lamu itakapokuwa na kazi ya fundi umeme iliyo kazi kweli, si kubadilisha globu za wageni.

Sasa sikilizeni mambo yalivyoanza. Siku moja chifu aliita mkutano Mokowe, akaja ofisa wa kampuni moja kutoka Nairobi. Akaeleza kwamba magari ya umeme yanaongezeka nchini, wageni wa Lamu wanataka kuja nayo, lakini kutoka Malindi njia ni ndefu na hapana pa kuchaji. Kampuni itajenga kituo cha kuchaji haraka, gari linywe umeme muda wa mtu kunywa chai na mkate, liendelee na safari. Kituo ni kimoja tu kwa sasa. Kitakuwa Witu, au njia panda ya mji mdogo wa Hindi, au Mokowe. Mhandisi atakuja kutazama. Tena akasema, kama wasemavyo maofisa wote wakitaka kupigiwa makofi, kwamba kazi zitawaendea wenyeji.

Ofisa alikuwa na maana ya kazi ya kuchimba mtaro. Bwanamkuu alisikia jambo jingine kabisa. Kituo cha umeme, kazi kwa wenyeji, na fundi umeme mwenyeji ni nani kama si wake? Hakungoja hata dua ya kufunga mkutano. Alivuka na boti la kwanza, akaingia nyumbani na viatu vyake, akamkuta mkewe anakuna nazi.

"Mama Rumaisa," alisema, "mwanao yuarudi."

Masikini Bi Kulthum. Hakuuliza nani kasema, hakuuliza kwa lini. Aliiacha mbuzi ya nazi palepale, akapanda chumba cha juu, akalitoa godoro la binti yake akalianika roshani. Godoro likianikwa Langoni, mtaa mzima unalisoma. Kufikia magharibi majirani wawili walikuwa wamekuja kutoa hongera, na mmoja aliuliza kama harusi ni mwezi huu.

Usiku huo ndipo Bwanamkuu alipohisi baridi ya jambo alilolifanya. Kituo bado hakijaamuliwa, na godoro liko roshani.

Mhandisi alipokuja alikuwa mwanamke kijana, Valary, mzaliwa wa bara huko Kisii, viatu vya kazi na kofia ya jua pana kama sinia. Mpole, lakini macho yake hayaachi kitu. Alizunguka uwanja, akapima kwa hatua, akatazama nguzo za umeme na transfoma. Pembeni akaliona gari la Bi Umulkheir, mwalimu mkuu mstaafu mwenye nyumba ya wageni Shela. Hilo ndilo gari la umeme la pekee hapo Mokowe. Mwanawe alimletea kutoka Mombasa, likafika likijikokota, chaji imebaki ya kuombea dua. Bwanamkuu alikuwa amelivutia waya kutoka kibandani, kwenye soketi ya friji yake ya soda, na hapo lilikuwa likinyonya umeme kidogo kidogo tangu juzi. Valary alichutama, akaugusa ule waya, akauondoa mkono haraka. Alimwambia mzee kwamba waya huo ni mwembamba na umeshapata moto, auchomoe kabla haujamuunguzia kibanda. Bwanamkuu aliuchomoa akatahayari, maana aliona mitihani imeanza na amekosa swali la kwanza.

Kisha Valary akamweleza mpango. Angefunga kamera ndogo kwenye nguzo, hapa na Hindi na Witu, zikae wiki moja zikitazama magari yanayoingia na yanayotoka na muda yanaokaa. Halafu ataamua. "Wewe mzee endelea tu kama kawaida," alimwambia. "Usibadilishe kitu."

Kama kawaida! Maneno hayo kumwambia mtu wa Amu ni kupoteza pumzi. Sisi watu wa Amu mgeni akija kutazama, nyumba hujazwa. Kukija posa, kwa jirani huazimwa mikeka, birika, vikombe vya kahawa, hata watu, wakaja kuketi ukumbini ili ukoo uonekane mkubwa. Hakuna anayeona ni uongo. Ni heshima kwa mgeni na kinga ya aibu. Na hapa mgeni ameacha jicho zima juu ya nguzo, wiki nzima. Bwanamkuu angeacha uwanja wake uonekane una magari mawili matatu yaliyotawanyika? Hata kwa dawa.

Basi akaanza kuazima. Alivuka Amu akapita nyumba kwa nyumba. Kila mwenye gari aliombwa jambo moja: wiki hii gari lisitoke. Likitoka litaacha pengo, na pengo litaonekana. Mwalimu wa madrasa aliyekuwa na safari ya Mpeketoni aliiahirisha. Mfanyabiashara mmoja wa Mkomani alikodi bodaboda, gari lake amelipa mgongo. Bi Umulkheir, mama wa watu, alikuwa na shemeji wa kumtazama Malindi. Alipanda basi akenda, akasumbuka barabara nzima baina ya magunia, na gari lake linalomeremeta limebaki Mokowe kama bibi harusi. Wote waliambiwa sababu, na hakuna aliyekataa. Nani angekataa? Rumaisa ni wa wote.

Na wale wenye magari yaliyokuwa mbali waliyaleta. Uwanja ukajaa mpaka uani. Bwanamkuu aliyaosha, akayapangua, akayapanga upya kwa safu zilizonyooka mfano wa safu za swala ya Ijumaa. Hakuyahamisha kufuata kivuli, maana alichelea kuharibu safu. Kila asubuhi aliitazama kamera, akaipa salamu, akarudi kuketi kibandani mwake kifua mbele. Wiki nzima halikuingia gari wala halikutoka gari. Alikuwa na raha isiyo kifani.

Nyinyi mmeshaona alipokosea. Yeye hakuona, na mimi simlaumu; furaha humtia mtu kitambaa machoni.

Valary alirudi wiki ilipokwisha, akakaribishwa kiti na kikombe cha chai ya tangawizi. Aliinywa polepole, kwa namna ya mtu anayetafuta pa kuanzia, kisha akasema bila kuzunguka. Kituo kinakwenda Witu. Kule magari yanasimama, watu wanaswali, wananunua maembe, wanajinyoosha miguu, na wana haraka ya kuondoka. Mashine ya haraka inataka watu wenye haraka. Mokowe magari yanafika na kulala. Kamera ya hapa, alisema huku akijizuia kucheka, imeonyesha picha ileile wiki nzima. Mwanzoni alidhani imeharibika.

Yalimpanda Bwanamkuu akilini yote kwa pamoja: mwalimu wa madrasa, bodaboda ya watu, Bi Umulkheir na magunia yake. Akajipiga magotini kwa mikono miwili, akamwaga yote. Akasema magari yale aliyaomba yasitoke; akasema kosa ni lake, si la Mokowe; akamwomba arudie, aweke kamera tena, na safari hii atayafukuza yote yapite mbio mchana kutwa, hata kama ni kuzunguka gati.

Hapo Valary alishindwa. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akacheka mpaka chai ikamwagika, na Bwanamkuu akamtazama kwa hasira iliyochanganyika na machozi. Alipopata pumzi alimwomba radhi. Akamweleza kwamba kuazima kwake magari hakukuharibu kitu. Alikuwa ameshawauliza watu wa boti na wenye magari wenyewe, na hata siku za kawaida gari likifika Mokowe hukaa siku mbili, tatu, mengine wiki, kwa sababu mwenyewe yuko kisiwani. Jibu lingekuwa lile lile.

"Mzee," akauliza, "lakini wewe kituo ulikitakia nini hasa?"

Na Bwanamkuu, ambaye hakuwa amelisema hilo kwa kinywa chake hata mbele ya mkewe, alilisema mbele ya mgeni: "Nalitaka mwanangu arudi. Ni fundi umeme. Nalisema kituo kikiwa hapa, na yeye atakuwa hapa."

Valary aliokota kofia yake, akaikung'uta, na alipojibu sauti yake ilikuwa imeshuka. Alimwambia kituo cha haraka hakina mtu. Dereva anachomeka mwenyewe, analipa kwa simu, anachomoa, anakwenda. Kikiharibika kitu, fundi anatumwa kutoka mbali. Hata kingejengwa hapa, katikati ya uwanja huu, Rumaisa angebaki Mtwapa.

Basi mtu amehangaika wiki nzima, amewasumbua watu wa mji mzima, kwa kitu ambacho hata angekipata kisingemletea alichokitaka. Bwanamkuu alifunga kibanda mapema siku hiyo. Botini alikaa mwisho kabisa asizungumze na mtu, na watu wa botini wakaulizana kama anaumwa.

Nyumbani alipanga kulisema baada ya kula. Halafu akapanga kulisema baada ya kahawa. Bi Kulthum alimtazama mara moja tu, akaweka bakuli chini, akasema, "Harudi." Bwanamkuu akamweleza yote. Bi Kulthum hakulia. Alikasirika, tena hasira zenye mpangilio, kuanzia siku ya viatu ndani mpaka leo: kwa nini alimwambia yuarudi wakati hana hakika, majirani atawatazamaje, na godoro je, alitie ndani kwa uso gani? Alipomaliza alijifunga kanga kiunoni. Akasema kesho anavuka yeye mwenyewe. Anataka kumwona huyo mhandisi na kuyasikia maneno hayo kwa masikio yake, kwa sababu mumewe, Mungu amsamehe, husikia anachokitaka.

Asubuhi walivuka wote wawili. Walimkuta Valary ameshafika kabla yao, yuko uwanjani baina ya safu za magari, anazunguka, anatazama ukuta wa kibanda, anarudi. Bwanamkuu alidhani amekuja kuifungua kamera yake. Kumbe dada wa watu hakupata usingizi vizuri. Alikuwa amelifikiria gari la Bi Umulkheir na ule waya wa friji.

Akaketi nao, akawaeleza wazo lake. Gari linalokaa siku mbili halihitaji mashine ya haraka. Hiyo ni ghali, na gari likishashiba katika muda wa chai, mashine itakaa bure inangoja la pili. Gari linalokaa siku mbili linataka soketi madhubuti ya polepole, ya bei nafuu. Kwa umeme wa pale wanaweza kuweka soketi safu nzima chini ya miarubaini. Wageni wakijua kwamba gari likilala Mokowe litaamka limejaa, hawataogopa kuja nalo. Atalipendekeza kwa wakubwa wake, na anadhani watakubali. Witu iwe na ya haraka, Mokowe iwe na ya polepole, na njia yote itakuwa imekamilika.

Mngedhani Bwanamkuu aliruka kwa furaha. Thubutu! Alinuna. Yaani Witu wapewe ya haraka na Mokowe watupiwe ya polepole? Kwani Mokowe wamekosa nini? Alianza kusema kwamba wao si watu wa mabaki, kwamba mgeni akisikia Mokowe kuna ya polepole atawacheka, na kwamba kama kampuni haina ya maana ya kuwapa basi ibaki nayo. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa kasi, na Valary akawa anazifunga karatasi zake taratibu.

Bi Kulthum alimwekea mumewe mkono juu ya goti, kumaanisha nyamaza, akamgeukia mhandisi.

"Hiyo ya polepole, mwanangu, yataka mtu?"

Valary alifikiri kidogo. Akasema, tena kwa mshangao, kana kwamba ndiyo kwanza anajisikia, kwamba ndiyo, inataka mtu. Wenyewe wako ng'ambo na funguo ziko kwa mzee. Lazima awepo wa kuchomeka, wa kuchomoa lililojaa na kuchomeka linalofuata kwa zamu, wa kuangalia nyaya zisipate moto na chumvi isile viungo. Lazima awepo mchana kutwa, na lazima awe fundi wa kweli.

"Basi tuwekee ya polepole," alisema Bi Kulthum. "Tena sana."

Bwanamkuu alivuta kiti chake karibu, akamwomba mhandisi azifungue tena karatasi zake.

Sasa liko jambo moja ambalo katika pilikapilika zote hizo hakuna aliyelifikiria, na mnaweza kulitaja wenyewe: hakuna aliyemuuliza Rumaisa. Mtaa mzima ulijua yuarudi isipokuwa yeye. Na hata yeye alikuwa ameshajua, maana godoro lile lilikuwa limepigwa picha na jirani na kufika Mtwapa kwa simu siku hiyo hiyo lilipoanikwa. Baba yake alipompigia, huku Bi Kulthum amelibana sikio lake nyuma ya simu, binti alimwacha aeleze mpaka mwisho.

Halafu akaanza kuuliza. Soketi ni za nguvu gani? Umeme unatoka transfoma ipi? Nani atakayemlipa, kampuni au baba? Nani mkubwa wa nani? Bwanamkuu alijibu aliyoyaweza, na yaliyobaki akayatupia kwa Mwenyezi Mungu. Mwisho binti alisema, "Baba, mimi sirudi kwa ajili ya godoro. Wakiitangaza kazi nitaiomba kama watu wengine, na wakinipa nitakuja kufanya kazi. Sitakuja kukusaidia wewe kuchunga."

Bwanamkuu akasema sawa. Alipokata simu akamwambia mkewe kwamba huyu mtoto ana kichwa kigumu, sijui kakitoa wapi. Bi Kulthum akamnyooshea kidole.

Kampuni ilikubali. Ilichukua muda, kama yachukuavyo mambo ya makaratasi, na muda huo wote godoro lilikuwa linaingia ndani jua likizama na kutoka tena asubuhi, kwa kuwa Bi Kulthum alikataa katakata kulikunja. Mtaro ukachimbwa, na wenyeji wakapata kazi ile aliyoisema ofisa. Soketi zikafungwa kwenye nguzo fupi chini ya miarubaini. Kazi ya fundi ikatangazwa. Wakaiomba vijana kadha, wawili wao wazuri kweli, na Bwanamkuu siku hizo hakula vizuri. Aliwajua wale vijana, aliwapenda, na aliwaombea mema yote isipokuwa hilo moja. Valary hakumpigia simu hata mara moja kumpa fununu, na hilo lilimwongezea homa.

Aliyepiga alikuwa Rumaisa mwenyewe. Alisema maneno mawili tu, "Baba, nimeipata," na kule nyuma ya sauti yake ya kazi alisikika akivuta kamasi.

Siku ya kwanza ya kazi Mokowe ilikuwa kama sikukuu, ingawa Rumaisa alikataa kabisa isiwe. Alifika uwanjani na buibui yake, juu yake koti la kampuni, na mkoba wa vyombo begani. Jambo la kwanza aliuokota ule waya wa friji akaukata vipande, asije mtu akaujaribu tena. La pili alimwambia baba yake magari hayahamishwi tena kufuata kivuli: kila gari lina nguzo yake na litakaa pale mpaka lishibe, atayatafutia turubai. Bwanamkuu aliitika. La tatu alimkuta amelisogeza moja kwa siri, akamfokea mbele ya watu. Watu wakatazama chini wakingoja baba mtu alipuke.

Halikulipuka jambo. Aliufungua mdomo wake mpana ule, akacheka, akawageukia watu wa gatini akawauliza kama wamesikia anavyokemea. Wamesikia? Ndivyo alivyo tangu mdogo. Siku nzima alizunguka akijitafutia makosa madogo madogo, ili akemewe tena.

Bi Umulkheir alikuja na boti la adhuhuri kulichukua gari lake, amejifukiza udi, na shemeji zake wawili wa kushuhudia. Rumaisa alimchomolea, akamwonyesha kwenye kioo kwamba limejaa tele. Bi Umulkheir alishika usukani, akasoma Bismillahi, gari likatoka uwanjani bila sauti hata ya paka, na shemeji zake wakapiga vigelegele kwa niaba yake. Kutoka Witu alipiga simu kusema kwamba amepita mbele ya kile kituo cha haraka na hakusimama, hakuwa na haja.

Alasiri walifunga kibanda, wakapanda boti kurudi Amu. Rumaisa alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, na mkono mmoja una alama nyeusi za mafuta mpaka kwenye kiwiko. Alianza kumweleza baba yake habari ya soketi ya mwisho ambayo haijamridhisha, akasema kesho ataifungua, na kabla hajaimaliza sentensi kichwa chake kilikuwa begani kwa mzee. Alilala palepale, mkoba wa vyombo mapajani.

Bwanamkuu hakutikisika. Upande mmoja wa mwili wake ulianza kufa ganzi akauacha ufe. Gati la Amu lilikuwa linaonekana, watu wamesimama, na Bi Kulthum bila shaka ameshapakua. Alimtazama nahodha, akainua mkono wake ulio huru, akaushusha hewani mara mbili, kumwomba apunguze mashine.

"Tuna haraka, Bwana," alinong'ona abiria mmoja nyuma yao.

Bwanamkuu hakugeuka. "Nyinyi," alisema kwa sauti ya chini kabisa, "mimi sina."

Nahodha alipunguza mashine, na boti likaenda hivyo mpaka gatini.